Diski za Gari Lako

Mpenzi Baba Pacha,

Tu wazima. Pacha wameng'oka meno ya mbele. Wakicheka utadhani vikongwe.

Gari lako lilikuwa linakwaruza kila mara shemeji, huyo mdogo wako, akikanyaga breki. Fundi alifungua gurudumu akaguna: "Pedi za breki zimeisha, chuma chake kimekula diski zinazobanwa nazo. Badilisheni vyote." Shemeji akasema ni ghali mno, akanunua pedi tu.

Juzi, kwenye mteremko wa shuleni, breki hazikushika. Ukuta ndio uliotusimamisha. Watoto hawakuumia, ila usingizini wanashtuka.

Pesa za friji nimempa fundi anunue diski, na ufunguo nimeuficha. Shemeji kanuna, kahama. Atakwambia nimemdharau. Heri kununiwa, mume wangu, kuliko kukuandikia barua ya msiba.

Mkeo,
Mama Pacha