Waya wa Bolti ya Oili

Kwa Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi. Sisi hatujambo. Goti la baba bado linagoma kupinda, na mama bado analalamika kuwa sebule yake inanuka oili.

Ana haki. Wiki ya tatu sasa nimeifungua pikipiki ya mbio ya baba, ile aliyoiunda mwenyewe kwa mabomba ya kitanda na injini ya pampu. Nilitaka tu kujua injini ya kuvutia maji iliwezaje kumkimbiza mtu vile. Ulizoea kuniita Bibi Kwa Nini; sijapona.

Nilianzia chini, kwenye bolti ya kumwagia oili. Unakumbuka sheria ya baba: kila bolti ifungwe waya, isije ikalegea kwa mtetemo. Kazi hiyo ilikuwa yako. Siku oili ilipovujia tairi la nyuma, baba akaanguka kwenye kona ya mwisho naye anaongoza, mafundi wote walikutazama wewe. Wakakubandika jina la Fundi Waya, wakasema umemvunja mzee mguu kwa uvivu. Uliondoka, na mwaka wa tisa huu hujakanyaga nyumbani.

Kaka, kipande cha waya kimo bado kwenye tundu la bolti. Nimekilinganisha na nyaya nyingine zote. Zako zimesokotwa kulia, mizunguko minane minane. Hiki kimesokotwa kushoto, mizunguko miwili tu. Nyumbani kwetu mashoto ni mmoja.

Ndipo nilipokumbuka, au niseme kweli, nilipokubali kukumbuka. Asubuhi ile, ulipokwenda kuchukua petroli, baba alibadilisha oili upya. Beseni nililishika mimi. Alikuwa bado anasokota waya walipomwita kwenye mstari wa kuanzia mbio. Nilikuwa na miaka kumi. Hakuna aliyeniuliza, nami niliona raha kuwa na siri na baba.

Jana nilimwekea bolti kiganjani. Aliigeuza weee, kisha akasema miaka yote amekuwa akijiambia kwamba aliimaliza. Akaniomba nikuandikie mimi, maana yeye angeanza na habari za mvua asifike popote.

Pikipiki nimeirudishia. Bolti zote zina waya isipokuwa hiyo moja. Baba amekataza mtu kuigusa. Anasema mwenye kazi yake yuko njiani.

Msalimie wifi, na uwapakate watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako mwenye kosa,
Bibi Kwa Nini