Pointi Zako Zilitosha

Lubumbashi,
Jumapili

Mdogo wangu Rukia,

Shikamoo yako ya juzi nimeipokea, ingawa ukimaliza kusoma haya huenda ukatamani kuirudisha. Mama anaendeleaje na kidonda cha mguu? Aliniambia kimeanza kukauka, lakini namjua, akiumwa hasemi. Wewe unayekiosha kila siku ndiye mwenye habari ya kweli. Na kikohozi chako kimeisha? Mimi mzima. Vipuri vya malori vinatoka, na Kiswahili cha huku nimekizoea mpaka wateja wananiuliza kama mama yangu ni wa kwao.

Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu ujumbe wa simu mnausikiliza wote sebuleni, na hili nataka ulisome kwanza ukiwa peke yako.

Rukia, yale matokeo yako ya Kidato cha Sita, mwaka ule. Nilikosea. Pointi zako zilitosha.

Ngoja nikueleze nilivyojua. Wiki mbili zilizopita alikuja dukani dereva wa lori anaitwa Mzee Nestori, mtu wa Ulyankulu. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amekulia hapo hapo. Gia boksi ilimharibikia, akakaa kwetu siku tatu akisubiri kifaa. Tulipojuana kuwa wote ni wa Tabora, mazungumzo hayakuisha. Siku ya pili akaniambia binti yake, Imelda, amechaguliwa chuo kusomea mambo ya maabara. Nikampongeza, nikamuuliza binti alipata pointi ngapi.

"Kumi na mbili," akasema.

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Mzee, hapo kuna mtu anakudanganya. Kozi za afya zinataka pointi sita. Mdogo wangu alipata kumi na moja, akakosa."

Hakukasirika. Aliniuliza tu, "Alikosa, au hakuomba?"

Akavuta boksi la nati, akaanza kuzipanga juu ya kaunta kama alivyofundishwa na binti yake. Kwenye cheti cha matokeo, akasema, A ni moja, B mbili, C tatu, D nne, na mwenye namba ndogo ndiye aliyefaulu zaidi. Ukienda kuomba chuo wanageuza. A inakuwa tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja, na hapo mwenye namba kubwa ndiye bora. Ile sita ni kiwango cha chini cha kufikia. Mimi niliisoma kama kikomo cha kutovuka.

Nilifungua mwongozo wa vyuo kwenye simu kumwonyesha kwamba amekosea. Maneno yake yale yale yalikuwepo, Rukia. Mistari michache tu chini ya jedwali. Kemia yako C, tatu. Baiolojia D, mbili. Fizikia D, mbili. Saba. Uuguzi ulitaka sita.

Nakumbuka kila kitu cha siku ile uliponipigia. Daraja la pili, mama kapika pilau, majirani wa Chemchem wanaingia na kutoka. Ukaniuliza mimi kwa sababu nyumbani ni mimi tu niliyewahi kufika Kidato cha Sita. Nikakwambia hongera, lakini uuguzi sahau, una kumi na moja na wao wanataka sita. Ukasema, kwa sauti ya chini, "Kaka, mwalimu wa kemia anasema nina saba."

Nami nikakujibu, "Saba ameitoa wapi? Karatasi imeandika kumi na moja. Anakufariji tu huyo."

Ukasema, "Sawa, kaka." Basi. Dirisha la maombi likafungwa, na wewe ukaingia dukani kwa shangazi kuuza vitenge. Mwaka uliofuata hukuuliza tena, nami sikukukumbusha.

Sasa nikwambie lililo baya zaidi ya hesabu, maana hesabu mtu yeyote anaweza kukosea. Siku ile mguu wa mama ulikuwa umeanza. Mimi nilikuwa huku, na niliogopa kwamba ukienda chuo, nitaambiwa nirudi. Jibu lile lilinifaa. Ndiyo maana sikulitazama mara ya pili. Sikukudanganya kwa makusudi, lakini sikutaka sana kujua ukweli, na wewe ndiye uliyekaa nyumbani miaka yote hii.

Nilimwambia mama kwanza, kwa simu. Akasema, "Saidi, yule mtoto alilia wiki nzima, na mimi nikamwambia kaka yako anajua."

Usiniandikie kwamba ilikuwa mipango ya Mungu. Najua utataka kunipunguzia, ndivyo ulivyo. Ukiwa na hasira, kaa nazo, ni haki yako.

Nilichofanya ni hiki. Nimempigia mwalimu wako wa kemia. Bado anafundisha, na bado anakukumbuka. Nilimwomba radhi na yeye. Amesema matokeo yako hayajaharibika, unaweza kuomba dirisha litakapofunguliwa, ila ushindani umekuwa mkubwa na hawezi kukuahidi kitu. Nami sikuahidi. Huenda nafasi ambayo ungeipata mwaka ule leo usiipate, na hilo siwezi kulirekebisha. Tajiri wangu nimeshamuaga. Nikikabidhi mzigo uliopo stoo, narudi Tabora, na kidonda cha mama nitakiosha mimi. Utanifundisha namna ya kukifunga kabla hujaondoka. Usipochaguliwa, au ukiamua kwamba hutaki tena, nitakiosha vile vile, wewe ufanye unalotaka.

Mpe mama shikamoo yangu. Shangazi wa Gongoni msalimie, mwambie atafute mtu mwingine wa kumpimia vitenge. Mjomba wa Usinge mwambie asali ilifika salama, nimeimaliza kwa kijiko. Mwalimu ukimwona, mwamkie kwa niaba yangu, mimi nilimwamkia kwa aibu tu. Barua hii anakuletea Mzee Nestori mwenyewe, amepita tena hapa dukani akirudi Tabora. Mkaribishe chai, umuulize habari za Imelda.

Ukipenda kunijibu, nijibu. Usipopenda, nitakuja hivyo hivyo.

Kaka yako,
Saidi