Usitie Jekundu

Malindi, Unguja
9 Mei 1971

Mdogo wangu mpenzi Mwanapili,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji yangu Silima na watoto, na yale mafua uliyoniandikia yamekwisha. Sisi huku hatujambo. Magoti hunikumbusha umri kila nipandapo ngazi, lakini ngazi zenyewe bado nazipanda. Ndugu yetu Pandu naye hajambo, na safari hii neno hilo silisemi kwa desturi ya barua. Ndilo lililonikalisha kuandika.

Najua umeshatengeneza safari. Umenambia joho jekundu jipya limeshonwa, mganga wa Mangapwani amekubali kuja, na ngoma hii ya kumpunga shetani ikishindwa tumpeleke Pandu hospitali ya wagonjwa wa akili akakae huko, kwa kuwa mimi nazeeka na siwezi tena kumchunga. Niliridhia, ingawa kwa moyo mzito. Sasa nakuomba usimjibu mganga mpaka uisome barua hii hadi mwisho. Nawe unanijua, mwisho sifiki upesi.

Nianze na ndege zangu, ambazo wewe huziita michezo ya mzee aliyestaafu. Nazichonga kwa mti wa msufi, maana ni mwepesi na hausumbui kisu, nazipiga msasa, nazipaka rangi na kuzitundika darini kwa uzi. Bi Tabia wa chini anasema nimegeuza nyumba pango la popo. Bahadurali mwenye duka la madaftari husema Malindi haiwezi kushambuliwa maadamu jeshi la anga linalala kwangu. Mimi huwajibu kwamba sipendi vita, napenda alama. Chukua alama ya Waingereza: miduara iliyomo ndani kwa ndani, buluu nje, kisha nyeupe, na katikati kabisa duara dogo jekundu. Katika vita vya kwanza walianza kwa kuchora bendera yao, lakini kwa mbali msalaba wake ulifanana na msalaba wa Wajerumani, na askari waliokuwa chini wakawa wanazipiga ndege zao wenyewe. Ndipo wakafuata miduara ya Wafaransa, wakageuza mpangilio wa rangi. Alama kwenye bawa si pambo. Ni maneno ya aliye juu kumwambia aliye chini: mimi ni wako, usinipige.

Wewe ulikuwa bado mtoto Pandu aliporudi kutoka vitani Seloni, huenda hukumbuki yote. Alirudi na mwili mzima, ila kila ndege ikipita alijitupa chini, akajifunika kichwa na kupiga kelele neno moja: jekundu. Marehemu mama akamwita mganga. Mganga akauliza, jekundu nini? Pandu hakujibu. Wakubwa wakashauriana, wakaona ni shetani naye anataka kiti chake, yaani Pandu aliyempanda, kivishwe joho. Joho jekundu likashonwa, akavishwa katikati ya ngoma, naye akalichana kwa meno akakimbilia pwani. Ikasemwa kitambaa kilikuwa hafifu, shetani amekikataa. Likashonwa jingine. Watoto wa mtaani wakampa jina la Pandu Jekundu, na leo wapo watu wazima wenye ndevu wasiomjua kwa jina jingine. Simlaumu mama, wala mganga, aliyefanya alilolijua.

Tangu mama afariki anakaa nami, kama ujuavyo. Kila alasiri huniletea chai, akaiweka kizingitini mwa chumba cha ndege, akarudi zake. Ndani hakuwahi kutia mguu.

Hivi karibuni Pyarali, mpwa wa Bahadurali aliyeko Nairobi, aliniletea zawadi ya sanduku. Ndani mna ndege ya kivita ya Waingereza ya plastiki, vipande vipande, ya kuunganisha kwa gundi, pamoja na alama zilizochapwa kwenye karatasi. Unazilowesha maji, zinateleza, unazibandika bawani. Nikaviunga vyote vizuri, ila alama zilinishangaza. Zilikuwa na buluu na nyeupe tu. Nyekundu haimo. Nikasema hili ni kosa la kiwandani. Mwalimu hata akistaafu akiona kosa mkono humwasha, basi nikachovya brashi katika rangi nyekundu ili nisahihishe.

Pandu alikuwa amefika na chai. Safari hii aliingia. Akanishika mkono, akanambia: kaka, usitie jekundu, watampiga.

Mwanapili, nimesomesha ngeli miaka mingi kuliko niliyobakiwa nayo. Nguo ni nyekundu, kitambaa ni chekundu. Joho ni jekundu, kweli, lakini na duara pia ni jekundu. Nikaweka brashi chini, nikamwuliza kwa taratibu kama alichokuwa akikisema siku zote ni duara. Akasema naam, kama mtu aliyekuwa akiitwa kwa jina lisilo lake, leo akasikia lake.

Akakaa mkekani, akanieleza. Kikosi chao kilikuwa Seloni wakati Wajapani walipokuja kuipiga mabomu. Kwa kuwa ana macho makali, yeye aliwekwa kilimani kutazama mbingu. Amri ilikuwa nyepesi: ndege ya Mjapani ina duara jekundu, ukiliona paza sauti, wenye bunduki watapiga. Siku moja ndege ikatokea chini chini kutoka upande wa jua, mbio sana. Buluu hakuiona, nyeupe hakuiona, jicho lilishika jekundu tu. Akapaza sauti: jekundu! Wakapiga. Ilikuwa ya Mwingereza. Walipomtoa rubani walimkuta kijana kuliko Pandu mwenyewe, na alikata roho Pandu amemshika kichwa. Ofisa wao akaamuru lisisemwe kwa mtu yeyote, naye akatii mpaka alasiri ile.

Nikamwuliza kwa nini basi hakutuambia, angalau, kwamba si joho. Akanambia kila alipotaka kusema, ngoma zilikuwa zinapigwa.

Ndipo nikakumbuka kijitabu cha maelezo kilichomo sandukuni, ambacho kwa kujiona najua sikukisoma. Nikamsomea kwa Kiswahili. Kinaeleza kwamba kiwandani hawakukosea. Katika vita vya Asia, mwaka ule ule, Waingereza waliamua kuifuta nyekundu kwenye alama zao kwa sababu ilichanganywa na duara la Mjapani. Nikamfafanulia, kama ilivyo tabia yangu, kwamba jeshi zima halifuti rangi mabawani kwa sababu ya jicho la mtu mmoja. Waliifuta kwa kuwa macho mengi yaliona kama lilivyoona lake. Akaniomba nisome tena. Nikasoma tena. Akasema: kumbe si mimi peke yangu. Akainywa ile chai yangu yote, ishapoa, na mimi nikamwacha ainywe.

Sisemi amepona. Juzi ndege ya Dar es Salaam ilipita, akashika nondo za dirisha na jasho likamtoka. Lakini alisimama, akaifuata kwa macho mpaka ikapotea. Ile ndege ya plastiki ameniomba itundikwe chumbani kwake, na amekuwa akimwombea yule kijana, ambaye jina lake hakulijua.

Basi safari usiivunje, vunja ngoma tu. Mganga mwambie ahsante, shetani hakuwapo. Hospitali tusiitaje tena. Anayechungwa sasa katika nyumba hii nadhani ni mimi. Na joho usilitupe. Pandu anasema lifumuliwe, umshonee binti yako Wanu gauni la Sikukuu, na mkija aje amelivaa. Anataka kujaribu kulitazama.

Nisalimie Silima na watoto wote, na jirani zako wanaoniulizia. Bi Tabia anakusalimu, na Bahadurali anasema jeshi la anga linakungoja gatini. Kuna mwingine amesimama nyuma yangu akisoma kila ninachoandika. Anasema salamu zake atazileta mwenyewe bandarini, siku ya meli.

Ndimi kaka yako akupendaye,
Masoud