Jina Nililolitaja Mtoni

Muyama, Jumanne

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo umekuachia kidogo. Je, mvua hazikuwabomolea kibanda huko kambini Nduta? Mimi mwili hauna neno, hata maharage yamekubali mwaka huu. Moyo ndio hauna raha, na kwenye simu nisingeweza kukueleza, maana Mama Mkubwa anasikia kila kitu.

Nimeokoka, mama. Cheka tu, najua ulivyokuwa ukinifinya nitulie kanisani! Mchungaji Nkunzimana akaniandika kwenye orodha ya wabatizwa, akaandika Esteri. Hapa wananijua hivyo tangu Mama Mkubwa aliponipa cheti cha ubatizo cha marehemu binti yake nikapatie kitambulisho, tukahamia huku ambako hakuna aliyetujua. Wewe mwenyewe ulisema tumshukuru Mungu, sitarudishwa kambini. Miaka sita nimeitika Esteri.

Nilipomweleza Mama Mkubwa habari ya ubatizo, alikasirika. Alisema Esteri wake alishabatizwa na padri akiwa mchanga, na mtu habatizwi mara mbili. Nikamjibu kwamba anayebatizwa ni mimi. Akaniuliza, wewe ni nani? Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji.

Jumapili tulishuka mtoni. Mama Mkubwa alikuja, pamoja na ukali wake wote, akasimama ukingoni na khanga kavu ya kunifunika. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo pia, kwa kuwa binti yake alikuwa anabatizwa. Mchungaji wetu hamzamishi mtu mpaka ataje jina lake mwenyewe kwa sauti.

Sasa nakuungamia, mama. Nilisema Ininahazwe, jina ulilonipa wewe. Hakuna aliyenilazimisha. Niliona nikimdanganya Mungu hata pale, sitakuwa na mahali pengine pa kusemea ukweli. Watu walinong'ona. Mwenyekiti alinikazia macho, na hadi leo hajasema kitu. Pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje, nakimbilia dirishani kuchungulia. Watu wa uhamiaji wanaweza kunirudisha huko kambini, na Mama Mkubwa akashtakiwa kwa ajili yangu. Naogopa sana.

Ila kinachoniumiza zaidi ni kingine. Nilipotoka majini Mama Mkubwa hakunifunika. Alikuwa ameikumbatia ile khanga, anamlilia Esteri kwa sauti kama msibani, mpaka akina mama wakamkalisha chini. Kumbe hakuwahi kumlilia. Nilifika kwake wiki ile ile ya mazishi, akafuta machozi, akaanza kuniita Esteri.

Tangu Jumapili amekaa kwenye mkeka, haongei nami. Majirani wanakuja kumpa pole ya mtoto aliyekufa miaka sita iliyopita, na mimi ndiye ninayewapikia.

Msalimie kaka Kipriani na wote wanaoniulizia. Mniombee, na mumwombee dada yako kuliko mimi.

Ni mimi mwanao,
Ininahazwe