Chemchemi ya Dada

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi yangu na kikosi chote cha wajukuu. Natumaini mgongo wako umepunguza visa, na kwamba wifi bado anakukataza kubeba ndoo, maana wewe usipokatazwa husahau umri wako. Mimi nipo, napumua, nakula kidogo. Ukiona mwandiko umelegea kama uzi wa sweta kuukuu usishangae. Mkono unatetemeka, na kila baada ya mistari michache naweka kalamu chini. Daktari amesema moyo umechoka. Nilimwuliza kama umechoka kiasi cha kutaka kulala au kiasi cha kutaka kustaafu, akatabasamu, kisha akatazama dirishani. Mtu anayejibu kwa kutazama dirishani amekwisha jibu. Nilitaka ulisikie hilo kutoka kwangu.

Nyumba iko salama. Bati moja la jikoni lililegea kwa upepo, limegongomelewa. Kumekuwa na ukimya humu ndani, mdogo wangu, hadi friji ikianza kunguruma nageuka kama mtu aliyebishiwa hodi. Usimwambie wifi, atasema nimeanza kuchanganyikiwa.

Sasa nije kwenye habari za bwawa, kwa kuwa ndilo lililonikalisha mezani.

Unakumbuka jinsi marehemu shemeji yako alivyolijenga. Alistaafu kazi ya kuchora ramani akitamani kitu kimoja tu, mahali pa kupiga makasia. Akakodi tingatinga, akaziba kibonde cha nyuma ya nyumba kwa tuta la udongo, na mvua zikamalizia. Wewe ukaliita Bahari Kuu, ingawa mbuzi angelivuka na pembe zikabaki kavu. Lakini ndiyo bahari iliyowafundisha wanao kuogelea, na baada yao wajukuu. Kila likizo nyumba hii ilinuka taulo mbichi, na mtu hakuweza kukaa kwenye kiti bila kwanza kupapasa kama kimelowa. Nililalamika sana kuhusu viti vile. Nilikuwa nasema uongo.

Unakumbuka pia siku ulipopanda kutoka chini ya tuta, upande ule mwingine usio na maji, suruali umeikunja hadi magotini, ukipiga kelele kwamba umegundua chemchemi. Maji yalikuwa yakichuruzika katikati ya majani, safi, ya baridi. Ukapanga mawe, ukachomeka kipande cha bomba, kisha ukatangaza mbele ya wote kwamba hiyo itaitwa Chemchemi ya Dada, kwa kuwa haikauki na haina makelele. Watu wakapiga makofi. Tangu hapo hamkuondoka bila kujaza madumu, na wifi akaapa kwamba chai ya maji yale haina mfano.

Mimi nilifundisha jiografia maisha yangu yote. Ninajua chemchemi ni nini, na ile haikuwa chemchemi. Yalikuwa maji ya bwawa letu lenyewe, yanapenya ndani ya tuta na kutokea upande wa pili. Kwa maneno mengine, bwawa lilikuwa linavuja, na mlikuwa mkipiga makofi kwa uvujaji. Sikukusahihisha. Mtu ambaye hata kichochoro hakijawahi kupewa jina lake, siku anapopewa chemchemi, ulimi huwa mzito.

Baada ya shemeji yako kufariki alikuja mkaguzi wa mabwawa, binti mmoja aliyevaa buti kubwa kuliko yeye. Aliniita bibi, nikamwambia nimewafundisha watu waliomzidi baba yake umri. Akacheka, akaniita mwalimu, tukapatana. Alitembea tuta zima, kisha akalala kifudifudi mbele ya chemchemi yetu akiitazama kama mtu anayetafuta pini. Nilipomtajia jina la chemchemi, hakucheka tena. Alisema jina ni zuri, lakini huo ni mvujo. Maji yakiwa maangavu, tuta linajimudu. Siku yakiingia ukungu, nijue yanabeba udongo wa ndani, yanalila tuta kuanzia tumboni, na likishatoboka halimpi mtu nafasi ya kuvaa viatu. Akaniagiza nikinge maji hayo kwenye glasi kila asubuhi na kuyatazama kwenye mwanga. Nikiona ukungu, nisingoje hata mchana: niwahamishe walio chini ya bwawa, nimpigie simu, naye angekuja tufungue koki ya bomba la chini. Tena polepole, maana maji yakishushwa kwa pupa, tuta lenyewe huporomoka.

Walio chini ya bwawa, unawajua. Zamani palikuwa na nyasi tu pale, sasa kuna nyumba, na ya kwanza kabisa ni ya yule fundi cherehani, Mama Pacha. Huyo ndiye aliyekuwa jamaa yangu wa kila siku. Akishafunika cherehani yake alipanda hapa na watoto, akanisimulia wateja wanaoleta kitambaa leo na kutaka nguo jana. Kwa kuwa ninazidi kusinyaa, alikuwa akinipunguzia magauni, akisema nikiendelea hivi atanishonea kwa vipimo vya mwanasesere.

Mdogo wangu, bwawa halina maji tena. Tumelifungulia.

Mkaguzi alikuja na spana ndefu kama mkono wake, kwani koki ilikuwa imeshikwa na kutu. Mama Pacha na watoto walihamia kwangu mpaka hatari ipite. Kila siku maji yalishuka kidogo, nami nikakaa ukingoni na kiti changu nikiangalia mambo yetu yakitokeza moja moja: kandambili ya wifi, kasia lililovunjika, ile miwani ya kuogelea ambayo mjukuu wako Kiroboto alilia kwa ajili yake likizo nzima. Sasa ni tope linalopasuka kwa jua. Tuta litakatwa katikati ili mvua zisijaze tena.

Ulipopiga simu wiki iliyopita kuuliza kama maji yamejaa, nilikujibu yamejaa pomoni. Nilikuwa nimesimama dirishani, naliona tope. Lakini Kiroboto alikuwa amekunyang'anya simu, anapaza sauti kwamba siku hizi anajua kupiga mbizi kwa kutanguliza kichwa na bibi lazima amwone. Sikuweza. Nilimwambia nitamwona.

Hilo ni dogo. Ninalotaka kukwambia ni hili lingine, na naomba ulisome mwenyewe kabla ya kumsomea mtu yeyote.

Ukungu haukuanza mlipoondoka, kama nilivyomwambia mkaguzi. Ulianza mkiwa hapa, likizo iliyopita, asubuhi baada ya kuwasili kwenu. Niliinua glasi dirishani jikoni, nikaona maji yamekuwa kama yaliyosuuza kikombe cha maziwa. Wewe ulikuwa unakuja ukumbini unapiga mluzi. Nikayamwaga, nikasuuza glasi, nikaifuta, na ulipoingia nikakuuliza kama bado unakunywa chai bila sukari. Siku iliyofuata nilikinga tena, yakawa vile vile. Basi nikairudisha glasi kabatini na sikuitoa tena. Nikajitia hamnazo mpaka mwisho wa likizo. Watoto walirukaruka majini, nami nikawaanikia taulo. Mvua ilipopiga, mlifunga madirisha mkalala; mimi nilikaa kitandani nikisikiliza kama kuna mtu anapiga kelele huko chini. Gari lenu lilipokata kona ndipo nilipompigia mkaguzi, nikamwambia nimeona ukungu leo.

Usiseme uzee. Usiseme nilisahau. Nilikuwa najua kila nilichokuwa nakifanya, kwa usahihi, kama nilivyojua ramani. Nilijua nikitamka neno, mtapakia mizigo siku ile ile, na bwawa likikauka hamtakuwa na sababu ya kurudi. Nikawaweka pacha wa fundi upande mmoja, na taulo zenu upande mwingine, nikachagua taulo.

Mama Pacha nilimwambia mwenyewe, alipokuwa amepiga magoti ananipimia upindo wa gauni. Alitoa pini mdomoni, moja moja, akazirudisha kwenye kopo. Akaniuliza kama siku zile mvua ilinyesha. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama wanawe walilala mle nyumbani usiku wa mvua. Nikasema ndiyo. Hakunitukana; ningefurahi angenitukana. Aliliacha gauni kwenye kiti, upindo haujashonwa, akawashika watoto mikono wakateremka. Hatari ilikuwa imeshapita, kwa hiyo alirudi kwake. Hapandi tena. Tukikutana njiani ananiamkia kwa heshima zote, kama anavyomwamkia mtu asiyemfahamu. Ni haki yake. Mkaguzi naye nimemwandikia.

Wewe nimekuacha wa mwisho kwa sababu wewe ndiye niliyekuwa naogopa kukupoteza. Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Naomba tu uwaambie watoto mapema kwamba hakuna maji, hasa Kiroboto, asije akafunga begi kwa ahadi yangu ya uongo.

Na ukiona safari haina maana tena, sitakulaumu. Watoto wana likizo chache, na hapa hakuna cha kuwachezesha, kuna tope na mwanamke mgonjwa anayesema na friji. Lakini kama utakuja, mdogo wangu, hata peke yako, hata kwa siku moja, hata kwa kuja kunigombeza, njoo upesi. Miaka yote hii nimewapokea mlangoni bila kujua mmefuata nini. Safari hii, nikisikia gari linapinda kuingia, nitajua mmenifuata mimi.

Mwambie wifi ule mto aliousahau nimeuanika na kuuhifadhi. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na wewe upunguze kubeba vizito. Mkono umechoka, naishia hapa.

Ni mimi,
Dada yako