Papa alitaka kushuka kwa kanisa

Maman Christine mupendwa, naomba unisaidie, na kama unasoma hii barua ku radio usiseme jina yangu wala parking yetu, juu hapa Bukavu watu wanajuana sana.

Mimi niko shofere wa taxi miaka kumi na moja, na mwaka jana wenzangu walinichagua prezida wa parking. Maman, kuna kitu kimoja shofere yeyote anachukia, nayo ni mutu wa kipande. Wa kipande ni ule mwenye kupanda hapa na kushuka hapo tu mbele. Umengoja saa mbili ku foleni, gari imejaa, unasema asante Mungu, kiisha maman mwenye kuikala katikati anasema, "Shofere, unishushe kwa kanisa," na kanisa iko katikati ya mulima, basi unasimama, unavuta frein ya mukono, embrayage, ile klachi, inanuka, wenye kuwa nyuma wanakupigia honi, analipa nusu, na kiti yake inabaki wazi mupaka mwisho wa ligne, kwani pale katikati hakuna mutu mwenye kungoja. Na wa kipande njo mwenye makelele kushinda wote, ooh unakimbiza sana, ooh funga dirisha, ooh unirudishie chenji.

Tulichoka. Mwezi wa kwanza niliita reunion, mimi mwenyewe nikaandika amri na bic nyekundu, nikaibandika ku muti ya parking: hakuna tena kipande, hata mutu akikubali kulipa ligne yote, juu gari haisimame katikati ya mulima. Shofere mwenye kubeba wa kipande anarudi nyuma ya foleni na anatoa kasha ya sukré, soda ya kunywa wote. Walinipigia makofi, Maman. Nilisikia mimi ni mutu.

Sasa Papa yangu. Papa Adalbert alikuwa infirmier mu dispensaire, leo ni retraité, aliacha kutunza wagonjwa, mutu wa Mumosho, kichwa nguvu. Anaikala chini kidogo ya parking. Miaka makumi mbili na moja alikuwa anasoma somo la kwanza mu misa, na kwa shirika yao, jumuiya ya wakristu wa avenue, alikuwa mukubwa. Lakini goti yake ya kuume imekufa. Kutoka kwake mupaka kanisa mutu muzima anatembea dakika kumi, yeye hawezi, na wakati ya mvua ule mulima iko matope tupu. Njo kusema Papa ni wa kipande. Nilijua hiyo wakati nilikuwa naandika. Nilisema mu roho yangu, atajipanga.

Siku ya Mungu moja mu mwezi wa pili, saa kumi na mbili ya asubuhi, akatokea na koti yake na kitabu. Gari ya mbele ilikuwa ya Chrispin, shofere mupya, hamujue Papa. Nikasikia Papa anamuambia, "Mwana, nishushe kwa kanisa." Chrispin akasema hatubebe kipande. Papa akasema, "Nitalipa mupaka mwisho." Chrispin akasema, "Muzee, hata hivyo hapana, ni amri ya prezida." Papa akauliza, "Prezida ni nani?" Akamuambia, "Stani. Iko pale, mu gari ya tatu."

Maman, nilikuwa pale kweli. Nilisikia yote. Niliinamisha kichwa ku volan, nikaweka telefone ku sikio, na hakuna mutu alikuwa ananiita. Nilisema nikimubeba Papa, wenzangu watasema amri ni ya watu wengine tu. Wakati niliinua kichwa alikuwa ananiangalia. Hakukasirika. Akamuambia Chrispin asante, akageuka, akarudia kwake polepole, anashika kikuta.

Tangu siku ile hajaenda misa. Nilimutumia gari ya express, ya kubeba yeye peke yake, mara mbili, akairudisha, anasema hana safari. Kumbe kwa shirika walimuuliza juu ya nini haonekane, na yeye akawajibu, "Sina tena hamu ya misa." Ni hiyo tu. Basi maneno ikaanza, Adalbert ameacha dini, Adalbert ameingia mu mambo ya giza, infirmier wa zamani anajua madawa mengi. Wakamutosha mu kazi ya kusoma somo.

Juma yenye imepita Maman Constance, njo mukubwa wa shirika sasa, alikuja kwangu. Akasema, "Stani, siku ya ine ya juma ya mwisho ya mwezi tunafuta jina ya papa yako mu daftari ya shirika. Tumengoja miezi sita. Akikufa, padri atatuuliza, na sisi tutasema hatumujue. Wewe mutoto wake, unajua kitu?" Nikasema sijue kitu. Muke yangu alikuwa pale anamimina chai.

Hapana kulala, Maman. Muzee mwenye alizika nusu ya watu wa avenue yetu atazikwa bila misa, na ni juu yangu. Nifanye nini Papa arudie misa bila wenzangu wa parking kujua? Na unafikiri atanisamehe?

Ni mimi, Prezida, Bukavu.

MAMAN CHRISTINE ANAJIBU

Bwana Prezida, kwani hivyo njo umesaini, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili niliona embrayage umeipa maneno mengi kushinda goti ya papa yako.

Mulima ni mulima, nakubali. Naona pia vile munateseka na hizi njia. Lakini mimi Christine niko wa kipande. Natoka soko na kitunga ya mihogo, na mashofere wananiangalia kama nimeomba bure. Umekwisha kujiuliza wa kipande ni nani? Mwenye miguu nguvu anatembea, hahitaji wewe. Wenye kubaki ni muzee, mugonjwa, mwenye mimba na mwenye muzigo. Muliikala mu reunion, mukatafuta ni nani wa kuacha chini, mukachagua hao. Na makofi mukapiga!

Usijifiche nyuma ya amri. Ungeshuka tu, ungesema, "Huyu ni papa yangu, mimi namubeba, leo amande ya sukré ni juu yangu," ingeishia pale. Kasha moja ya sukré, Prezida! Aliyekulea ulimuacha mu matope juu ya kasha ya sukré. Na Constance amekuuliza mu nyumba yako mwenyewe, ukamukana mara ya pili. Aibu gani hii?

Unataka Papa arudie misa bila wenzako kujua. Namna hiyo hakuna, usinitafutie. Hiyo siku ya ine fika kwa shirika mbele ya sala kuanza. Usimujulishe Papa, atakukataza. Simama, sema yote vile umeniandikia, na usiseme "shofere mumoja", sema "mimi". Telefone yenye haikulia, uitaje pia. Kesho yake asubuhi ondoa ile karatasi yako ku muti. Wenzako wakikutosha mu uprezida, uwaachie bila fujo. Muke yako umuambie leo, kabla hajasikia kwa jirani.

Siku ya Mungu nenda kwa Papa mapema, na gari uiache. Mupe bega yako mupande naye ule mulima kwa miguu. Akisimama kupumua, simama. Kama ni saa nzima, ni saa nzima. Uone na macho yako hicho kipande kiko na urefu gani.

Kuhusu kusamehe, kijana wangu, unauliza kitu chenye uko nacho tayari. Miezi sita wanamuita mupagani, wanamuita mulozi, na jina yako haijatoka mu kinywa chake. Alikusamehe pale pale kwa parking, wakati ulikuwa bado umeinamisha kichwa. Sasa hata ukimupigia magoti atakuambia hakuna kitu ilifanyika, na wewe utajua ilifanyika. Hiyo hakuna mutu wa kukuondolea, wala mimi.