Kabla Hujang'oa Kinasa Sauti

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku Mkumbi tu wazima. Bibi yako anaanika kahawa, mguu wake una nafuu. Mimi situlii tangu uniulize kama ung'oe kinasa sauti, kile kidude kilicho chini ya nyuzi, cha gitaa lako la besi linalokatika sauti.

Kwenye harusi ya dada yangu Otilia, Mbamba Bay, besi yangu ilianza kukatika maharusi wakiingia. Nikashika bisibisi nikifumue kinasa. Otilia akaacha msafara, akaniinamia na shela lake.

"Kaka, usikifumue. Kigonge tusikie."

Nikakigonga taratibu, spika ikaitika. Nilipotikisa waya wa kinasa, ikanyamaza. Kinasa kilikuwa kizima, waya ndio uliolegea. Nikaukaza. Otilia akarudi mlangoni, akaingia upya akicheza.

Gonga chako, kisha nipigie. Nazunguka tu uani nikisubiri simu yako.

Babu yako